Kidole Kisicho cha Médiatrice

Médiatrice hakukataa. Hilo litangulie kabla ya mengine yote. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo kilimani, mtaa wa Gitega, Kigali, aliweka kwenye faili karatasi inayosema kwamba mama huyu amekataa binti yake arushwe darasa. Chini ya maneno hayo palikuwa na alama ya kidole, na kidole hicho hakikuwa cha Médiatrice. Kisha karatasi ikasomwa mbele ya wazazi zaidi ya mia mbili, wapate mfano wa mzazi anayemvuta mtoto shati. Na binti mwenyewe, Christella, mwenye miaka tisa, alikuwa amesimama mlangoni na wenzake wa kwaya, akasikia kila neno.

Mwanamke huyu si mgeni kwa mtu yeyote wa Gitega. Ukiacha barabara ya lami ukashuka kwenye ngazi za mawe, uliza alipo Mama Chapati. Hata usipouliza, pua itakupeleka. Ana kibanda cha mabati, majiko mawili ya makaa, kibao cha kusukumia na beseni la bluu la unga ambalo limezibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa mara nne na bado linafanya kazi. Anafikia miaka hamsini. Ana sauti isiyohitaji kupandishwa.

Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko. Wao walikuwa Wakatoliki, ua wote uliobaki ulikuwa wa Waislamu, na Kiswahili alikiokota uani kama watoto wanavyookota mafua. Shuleni hakwenda. Si kwamba baba yake alikataa. Baba yake hakuwahi kukataa kitu. Kila mwaka alisema, "Mwaka ujao, Médi," halafu anaanza mdogo wake wa kiume, halafu anayemfuata. Médiatrice alifika umri wa kuposwa, na mwaka ujao haujafika.

Alichokipata badala yake alikipata kwa jirani, Bi Mwajuma, aliyeuza chapati mbele ya nyumba. Siku ya kwanza Médiatrice alichukua kijiko kupindua, akapigwa kofi jepesi la mkono.

"Kijiko kinajua nini?" Bi Mwajuma alimwambia. "Kijiko hakijui kama imeiva. Kidole kinajua."

Ndivyo alivyojifunza, na ndivyo anavyofanya mpaka leo. Anazungusha chapati kwenye chuma chenye moto kwa ncha za vidole, anaibonyeza ukingoni, anaipindua, anaibonyeza tena. Alikuja Kigali akiwa na miaka ishirini, akaolewa na fundi magari wa Kirundi aliyeitwa Ndihokubwayo, akamzika, akabaki na mtoto mmoja aliyempata akiwa na miaka thelathini na tisa, wakati watu walikuwa wamekwisha kuacha kumuuliza. Katika yote hayo chuma hakikupoa. Sasa ncha za vidole vyake zimekuwa laini na zinang'aa, kama mawe ya mtoni. Hasikii moto wala pini. Na mistari ile ambayo Mungu alimchora kila mtu vidoleni, yeye hana tena.

Hili lilijulikana siku ya kuandikishwa vitambulisho, kwenye ofisi ya kata. Mashine ya alama za vidole ilimsoma kila mtu mpaka ilipomfikia yeye.

"Nawa mikono, mama," mwandikishaji alisema.

Akanawa. Mashine ikakataa. Akapakwa ndimu, akafutwa, akapakwa mafuta ya kujipaka, akajaribishwa vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine, huku mstari nyuma yake ukirefuka hadi kwenye ngazi. Mtu aliyefuata kwenye mstari alikuwa Eddie, ambaye ana kibanda cha kujazia watu fomu na kupiga picha za pasipoti, mtu aliyekulia Kampala na asiyejua kunyamaza.

"Mama Chapati," Eddie alisema, "wewe ukiiba benki hawakupati."

"Mbwa watanipata kwa harufu ya mafuta," Médiatrice akajibu, na mstari mzima ukacheka.

Mtendaji wa kata, Mutsinzi, ambaye watu humwita gitifu, alitoka ofisini kuona wanacheka nini. Alipoelezwa aliamua jambo lenye busara. Alimpa Médiatrice kalamu akamwambia achore alama yoyote anayoweza kuirudia. Médiatrice akachora duara, na katikati ya duara nukta moja. Gitifu akaandika kwenye daftari la kata kwamba hiyo ndiyo sahihi yake, na tangu siku ile popote panapotakiwa sahihi, kwenye kikundi cha akina mama, kanisani, kwa mwenye nyumba, Médiatrice huomba kalamu na kuchora chapati yake.

Kwa hiyo kata ilijua. Majirani walijua. Shule tu ndiyo haikujua, maana shule haikuwahi kumtaka sahihi.

Sasa, mtoto.

Kila jioni Médiatrice hukanda unga wa kesho, huufanya donge moja kubwa, halafu hulikata. Hahesabu, hukata nusu, kila nusu akaikata nusu, akaendelea hivyo mpaka madonge yanatosha kiganja. Christella alikuwa na miaka mitano, ameketi kwenye kopo la mafuta lililogeuzwa, aliposema, "Mama, ukikata mara sita ni sitini na manne. Ukikata mara saba hayataenea kwenye sinia."

Hakuna aliyemfundisha. Médiatrice alikata mara saba kumjaribu, na hayakuenea kwenye sinia.

Akiwa darasa la kwanza alimsomea mama yake maandishi yote yaliyo kwenye mfuko wa unga. La pili, akamsomea barua za kikundi. La tatu, wakawa na desturi: mama anakanda, mtoto anasoma kwa sauti kitabu chochote alichopewa shuleni, ukurasa kwa ukurasa, kwanza kwa Kiingereza kama kilivyoandikwa, halafu anaeleza. Médiatrice, ambaye hajui herufi moja, anajua kwa njia hiyo jinsi maji yanavyopanda kwenye shina la mti na kwa nini mwezi hupungua. Ilikuwa ndiyo shule yake. Mwaka ujao ulikuwa umefika, umechelewa miaka arobaini, umekaa kwenye kopo la mafuta.

Mwezi wa saba, Christella akimaliza la tatu, mwalimu wake wa hesabu alishuka ngazi mpaka kibandani. Anaitwa Gahongayire, mwembamba, mwenye haraka.

"Habari za jioni, Mama Christella."

"Nzuri, Mwalimu. Ngapi?"

"Sikuja kwa ajili ya chapati."

"Basi kuna mtu amekufa."

"Hakuna aliyekufa. Nipe mbili kwanza."

Alikula moja amesimama, ndipo akaeleza. Watu wa elimu walikuwa wameleta utaratibu: mtoto anayewazidi sana wenzake anaweza kupewa mtihani wa darasa la juu, na akifaulu, anaruka. Gahongayire alikuwa amempa Christella mtihani wa kumaliza la nne, mtihani ambao hakuwahi kufundishwa, na Christella alikuwa amewapita wanafunzi wote wa la nne isipokuwa mmoja. Mwezi wa tisa angeweza kuingia la tano moja kwa moja. Vilitakiwa vitu vitatu: alama za mtihani, neno la mwalimu, na kibali cha mzazi. Viwili vilikuwa tayari.

Médiatrice aliendelea kupindua.

"Wale wa la tano ni wakubwa. Hawatampiga?"

"Watamwomba awafanyie hesabu."

"Hilo ni baya kuliko kupigwa. Na akishindwa?"

"Atarudi nyuma, hatakufa. Lakini hatashindwa, Mama Christella. Mimi nimefundisha miaka kumi na minne. Nimewaona wenye akili. Huyu ni mwingine."

"Basi nipe hiyo karatasi nichore."

"Karatasi iko kwa Diregiteri," Gahongayire alisema, maana ndivyo mwalimu mkuu anavyoitwa pale. "Atakuita."

Hapa ndipo Médiatrice alipokosea, na hajifichi. Alingoja kuitwa. Alifua kitenge chake kizuri, akakikunja, akakiweka juu ya sanduku ili simu ikilia asitafute. Mwezi wa saba ukaisha. Wa nane ukapita. Mtu aliyesoma angepanda mwenyewe kubisha hodi. Mtu ambaye hakusoma amezoea kwamba ofisi ndiyo inayoita, na kwamba ukienda bila kuitwa utaulizwa umefuata nini. Shule ilipofunguliwa, Christella aliwekwa la nne. "Pengine bado wanapanga," mama alimwambia. Mtoto alikubali, kwa sababu wakati huo alikuwa bado anamwamini.

Mwisho wa mwezi wa tisa alipeleka chapati za chai ya walimu, kama kila siku saa nne, akapita dirisha la darasa la nne. Watoto zaidi ya sabini walikuwa wameinama wakinakili. Ubaoni, juu ya kiti, alisimama Christella, chaki mkononi, anawaeleza hesabu za sehemu, kiasi na asili.

"Mwalimu wenu yuko wapi?" Médiatrice aliuliza dirishani.

"Ametoka," darasa zima likaitika, kwa namna ya watu waliokwisha kuitika hivyo mara nyingi.

Siku hiyo alifurahi. Alimsimulia Eddie, akawasimulia wateja. Furaha hiyo leo inamwasha kuliko kitu kingine, ila kimoja.

Hicho kimoja kilitokea kwenye mkutano wa wazazi, mwezi wa kumi, katika ukumbi wa shule. Mwalimu mkuu, Rutayisire, ni mtu mstaarabu. Alikulia Uganda, anavaa tai hata Jumamosi, hapigi kelele, na akimsalimia mtu humshika mkono kwa mikono miwili. Alizungumzia vyoo, akazungumzia chakula cha mchana, halafu akatoa karatasi kwenye faili.

"Ndugu wazazi, shule yetu ilipata bahati. Mtoto wetu mmoja alistahili kurushwa darasa. Lakini mzazi wake amekataa. Simtaji jina, ila karatasi ni hii." Akaisoma: "Mimi mzazi, kwa hiari yangu, sikubali mtoto wangu arushwe darasa." Akaikunja taratibu. "Kutosoma si dhambi. Dhambi ni kumzuia anayesoma. Tusiwe breki ya watoto wetu."

Ukumbi ulipiga makofi. Médiatrice naye alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu, kwa sababu maneno yalimgusa, akamwinamia jirani yake, mama mmoja anayeuza nyanya, akamwuliza, "Mpumbavu gani huyo?" Yule mama alimtazama muda mrefu, halafu akatazama mbele. Wengine walikuwa wamekwisha kuambiwa. Yeye alikuwa wa mwisho kujua kwamba alikuwa anajipigia makofi mwenyewe.

Jioni hiyo Christella hakusoma. Médiatrice alidhani amechoka na kwaya. Jioni ya pili hakusoma, wala ya tatu. Alikaa kwenye kopo lake akipanga madonge kwenye sinia kama mtu wa kibarua. Jioni ya nne alisema bila kuinua kichwa:

"Kwa nini ulipiga makofi?"

"Makofi gani?"

"Kwenye mkutano. Unakataa, halafu unapiga makofi."

Médiatrice alisimamisha mkono juu ya chuma. "Nimekataa nini, mwanangu?"

"Diregiteri alinionyesha karatasi. Alisema nisikukasirikie, kwamba hukusoma, hukuelewa. Kuna jina lako. Kuna kidole chako."

Chapati iliungua, ya kwanza kuungua kwa miaka. Médiatrice aliiondoa, akaitupa, akakaa chini. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hicho kidole kina mistari?"

"Kina mistari. Kimetoka vizuri, mviringo mviringo."

Akacheka. Mtoto aliona mama yake anacheka, akainuka akaingia ndani.

Angeweza kumfuata. Angeweza kufungua viganja vyake mbele ya taa, na jambo likaisha pale pale. Hakufanya hivyo, na wapo wanaomlaumu mpaka leo. Lakini yeye aliona hivi: mtoto hana kazi ya kumkagua mama yake ili amwamini. Na tena, lililosemwa ukumbini halijibiwi jikoni. Ila usiku ule aliwaza jambo moja. Mtoto anayeweza kugawa donge kwa akili mpaka mara saba, miaka tisa amelishwa, ameogeshwa na kusukwa nywele kwa vidole hivi, hakuwahi kuvitazama.

Kesho yake alivaa kitenge kilichongoja tangu mwezi wa saba, akapanda shuleni bila kuitwa. Rutayisire alimpokea kwa mikono miwili.

"Mama, jambo hili tumekwisha kulipita. Mtoto atakua tu, ana haraka gani? Akibaki hapo alipo anawasaidia wenzake, na akifika la sita ataleta alama ambazo shule hii haijawahi kuziona. Hata wewe ni heshima yako."

"Ng'ombe mwenye maziwa hatolewi zizini," Médiatrice alisema.

"Siyo hivyo, mama."

"Naomba kuiona karatasi."

Aliitoa, akaishika mbele yake bila kuiachia. Maandishi hakuyajua. Kidole alikiona. Kilikuwa kidole gumba kizuri, cha mtu anayeshika kalamu na kikombe.

"Hiki ni changu?"

"Jina lako ndilo limeandikwa hapa."

"Jina najua ni langu. Nakuuliza kidole."

Rutayisire alirudisha karatasi kwenye faili, akatazama saa yake, akasema ana wageni.

Siku ya Jumanne alasiri, kata yote hukutana uwanjani, kwenye inteko, ambapo mwenye lalamiko husimama na kulisema mbele ya watu. Médiatrice hakuwahi kusimama pale. Siku hiyo alisimama wa tatu, baada ya mtu wa mfereji na mtu wa mbuzi. Alisema maneno machache: kwamba shule ina karatasi yenye jina lake, kwamba anaomba iletwe hapa iangaliwe, na kwamba zaidi ya hapo hasemi kitu mpaka iletwe. Gitifu Mutsinzi alimtazama, akatazama mikono yake, na mdomo wake ukacheza kidogo.

"Jumanne ijayo," gitifu alisema. "Mwalimu mkuu aje na faili. Aje pia na mwalimu aliyempa mtoto mtihani."

Wiki ile Médiatrice alikanda unga kama kawaida, akauza kama kawaida. Wateja waliomwuliza aliwaambia, "Njooni Jumanne, mtakula bure." Hawakujua kama ni chapati anazosema. Kwa Eddie alikwenda kuazima kitu kimoja, kidau chake cha wino cha kugongea mihuri.

"Unataka kufanya nini nacho? Wewe?" Eddie aliuliza.

"Nataka kutia vidole."

Eddie alimkabidhi kidau. Halafu akasema, "Ngoja nifunge kibanda. Hii siwezi kuikosa."

Jumanne ile alimchukua Christella, akamkalisha mbele, kwenye nyasi. Mtoto alikwenda kwa kuwa aliambiwa. Rutayisire alikuja na faili na tai, akawasalimia wakubwa, akasimulia kwa utulivu: mzazi alipewa nafasi, mzazi akakataa, shule ikaheshimu haki ya mzazi. Karatasi ikapita kutoka mkono hadi mkono mpaka kwa gitifu. Wengi walitikisa vichwa.

"Mama Christella, una la kusema?" gitifu akauliza.

"Sina. Nina la kufanya."

Alikwenda mezani, akafungua kidau, akaomba karatasi nyeupe. Alibonyeza kidole gumba cha kulia kwenye wino, akakiweka kwenye karatasi. Halafu cha pili, cha tatu, vyote vya mkono huo. Halafu mkono wa kushoto. Alifanya bila haraka, kwa namna ile ile anavyobonyeza ukingo wa chapati. Alipomaliza, palikuwa na madoa kumi meusi, yamejaa wino tupu, hakuna hata mstari mmoja. Gitifu akaiinua karatasi hiyo kwa mkono mmoja, na ile ya shule kwa mwingine, akazigeuza pande zote ili uwanja uone.

Kicheko kilianzia nyuma, kwa wale waliokuwapo siku ya vitambulisho.

"Mashine ya serikali ilishindwa naye," Eddie alipaza sauti, "wewe Diregiteri umempatia wapi?"

"Tulia, Eddie," gitifu alisema, ingawa naye alikuwa anajizuia. Akafungua daftari la kata, akawaonyesha duara na nukta. "Huyu mama sahihi yake ni hii, na imeandikwa hapa kwa mkono wangu. Mwalimu mkuu, karatasi yako haina hii. Ina kidole. Kidole hiki ni cha nani?"

Rutayisire alirekebisha tai. "Inawezekana mama alimtuma mtu kwa niaba yake."

"Nilimtuma nani?" Médiatrice aliuliza. "Mtaje. Watu wote wako hapa."

Upepo ulipeperusha karatasi mezani, gitifu akaiwekea simu juu yake. Ndipo Gahongayire akasimama, mwalimu yule mwembamba, mikono ameifunga kifuani kama anasikia baridi.

"Mimi nilipeleka kwa Diregiteri karatasi tupu," alisema. "Nilimwambia mama amekubali, na kwamba aitwe. Sijui zaidi ya hapo." Akakaa. Lilikuwa neno dogo, lakini ana watoto watatu na kazi moja, na Médiatrice analihesabu kuwa kubwa.

Gitifu aliamuru jambo lipelekwe kwa ofisa wa elimu, na likapelekwa. Ofisa aliagiza Christella apimwe upya, na mtu kutoka nje ya shule. Alipimwa mwezi wa kumi na mbili kwa mtihani wa muhula wa kwanza wa la tano, si wa la nne tena, akafaulu. Kibali kilipoletwa kibandani, Médiatrice alinawa unga, akaomba kalamu, akachora duara, na katikati nukta, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Mwezi wa kwanza, muhula wa pili ulipoanza, Christella aliingia la tano. Sasa ana rafiki mrefu kuliko yeye kwa kichwa kizima. Wenzake wanamwomba awafanyie hesabu. Anawakatalia, hilo alifundishwa nyumbani.

Lakini turudi jioni ya siku ile ya inteko. Walishuka ngazi pamoja. Médiatrice aliwasha jiko, akamimina unga kwenye beseni. Wino ulikuwa bado haujatoka, kwa hiyo alikanda kwa mpini wa mwiko, jambo linalomkera. Christella alikaa kwenye kopo. Baada ya muda alivuta mkono wa mama yake, akaugeuza, akausogeza karibu na macho, akatazama kidole kimoja baada ya kingine, mpaka vyote kumi, kwa umakini anaouweka kwenye hesabu ngumu.

"Ungeniambia," alisema.

"Nikuambie nini? Umekula chapati za vidole hivi miaka yote."

"Ningekuamini."

"Ungeamini vidole. Mimi nilitaka uniamini mimi."

Mtoto aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kitabu. Alianza pale walipoachia wiki chache zilizopita, ukurasa wa mizizi ya mimea, na hakuruka hata mstari.

Wapo wanaomwambia Médiatrice jambo limekwisha. Amepoteza nini, muhula mmoja? Mtoto karushwa, gitifu kasema, watu wamecheka. Huwajibu kwamba muhula si mwingi, ni kweli. Muhula mmoja Christella alisimama juu ya kiti akifanya kazi ya mtu mzima anayelipwa mshahara, na mwalimu yule wa la nne bado anatoka, na watoto zaidi ya sabini bado wanamngoja. Hilo ni deni la shule, na wanaodai ni wengi kuliko yeye peke yake.

Deni analodai yeye ni jingine, na halilipwi na ofisa wala gitifu. Rutayisire bado ni mwalimu mkuu. Alipewa onyo kwa barua, wanasema. Barua hiyo haikusomwa ukumbini. Kidole kile hajasema ni cha nani, na mwenye nacho anajijua, anashika nacho kikombe kila saa nne, anakula nacho chapati za Médiatrice. Tangu wakati huo kumekuwa na mikutano miwili ya wazazi. Yote miwili Médiatrice alifika wa kwanza, akakaa benchi la mbele, katikati, na mtoto wake pembeni yake. Mara zote mbili Rutayisire alizungumzia vyoo, akazungumzia chakula, akatazama juu ya kichwa chake, akafunga mkutano.

Médiatrice hamdai pole. Hamdai sababu. Rutayisire anadaiwa sentensi moja, aiseme kwa mdomo ule ule, mahali pale pale, mbele ya watu wale wale waliopiga makofi, Christella akisikia: kwamba mama huyu hakukataa. Mkutano wa tatu ni mwezi ujao, na benchi la mbele lina mtu.